Mukasine Aliyeita Mabega

Ukitaka kumfahamu Mama Mukasine wa kilima cha Kabingo, pale juu ya Nyabiondo, usianze na sura yake wala shamba lake la maharagwe. Anza na sauti. Alizaliwa Burungu, katika nyumba ya wafugaji, akakua akiita ng'ombe kutoka kilima hadi kilima, na ng'ombe wale walimtii kuliko watoto wa siku hizi wanavyowatii wazazi. Alipoolewa Kabingo na marehemu Zéphyrin, katekista mpole aliyesema kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, majirani walicheka sana. Walisema Mungu alitengeneza sauti za watu wawili, zote mbili akampa mke.

Cheka tu, lakini sauti ile ilikuwa kazi. Wakati ule hapakuwa na gari lililopanda Kabingo, hapakuwa na pikipiki, na simu tulizisikia kwa wasafiri. Mgonjwa aliyeshindwa kutembea alibebwa kwa kipoyi: mianzi miwili mirefu, kitanda cha kamba katikati, wanaume wanne chini yake na wanne pembeni wakingoja zamu. Kila kilima kilikuwa na kipoyi chake, kimetundikwa chini ya paa la kanisa. Na sheria ilikuwa moja. Unabeba mgonjwa mpaka kwenye maji ya mpaka wako. Hapo unawakuta jirani wamekwisha kusimama, unawapa mzigo, unarudi kulima. Kabingo walibeba mpaka kijito, Rushange wakapokea. Rushange walibeba mpaka daraja la kamba juu ya mto, Kinyana wakapokea, wakashuka naye upande wa pili kuelekea hospitali kubwa. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyeuliza mgonjwa anasali wapi ao anasema lugha gani nyumbani kwake. Leo umebeba, kesho utabebwa.

Lakini jirani watajuaje kwamba mgonjwa yuko njiani? Hapo ndipo alipoingia Mukasine. Alisimama juu ya mwamba nyuma ya kanisa, akaweka mikono miwili mdomoni, akaita: "Mabegaaa! Rushange, mabega! Ni wa nyumba ya fulani!" Ugonjwa hautajwi, kwa maana ugonjwa wa mtu si wimbo. Kinachotajwa ni kilima na nyumba, basi. Na ng'ambo ya bonde ungewaona wanaume wakitupa majembe.

Aliita hivyo miaka ishirini na mitatu. Aliwaita watu kwa ajili ya mama mkwe wake, kwa ajili ya wake za watu, kwa ajili ya mwanamume aliyeangukiwa na mti, na mara moja kwa ajili ya Zéphyrin wake, na siku ile mabega yalikuja upesi lakini kifo kilikuwa kimetangulia. Mukasine hakulaumu mtu. Alisema tu kwamba njia ni ndefu mno, na kwamba siku moja Mungu atatuona.

Basi Mungu akatuona. Nestor, kijana wa hapo hapo Kabingo aliyekuwa amepotelea Goma akijifunza ufundi, alirudi na gari la jipu. Jipu lenyewe lilikuwa kuukuu, mlango mmoja ni wa kijani na mingine ni ya rangi ya udongo, lakini lilipanda kilima likinguruma na watu wakalikimbilia kama askofu amefika. Nestor alilipa jina la msichana: Kayitesi. Aliliosha kila jumamosi kabla ya kuoga yeye mwenyewe. Mama yake alikuwa akimwambia, "Oa basi, ile Kayitesi yako haitakupikia ugali," naye anajibu, "Haitaniuliza nilikuwa wapi vilevile."

Safari ya kipoyi iliyokula mchana mzima, Kayitesi aliimaliza kwa saa mbili. Mukasine mwenyewe alikuwa shahidi. Mwaka wa pili wa jipu lile tumbo lilimfunga, akaviringika chini akiuma nguo, na kabla jua halijafika katikati alikuwa amelala hospitali kubwa, amekwisha kupasuliwa. Daktari alimwambia angechelewa kidogo tu, wangemzika. Tangu siku ile, kila akipita karibu na jipu alilipiga kofi dogo la shukrani kwenye boneti na kusema, "Aksanti, dada." Nestor alijidai kukasirika kwamba anachafua rangi.

Halafu zikaja simu. Mwanawe wa pekee, Nizeyimana, alikuwa amehamia upande wa Walikale, Kashebere, ambako aliuza mafuta ya mawese na mchele kando ya barabara. Mkewe Solange alibaki na mama mkwe kwa sababu ya mashamba, naye alikuja sikukuu tu. Nizeyimana alimtumia mama yake simu yenye vitufe vikubwa, pamoja na sahani ndogo ya sola ya kuchajia. Siku ya kwanza Mukasine aliipokea simu kwa sauti ile ile ya mwambani, na inasemekana Nizeyimana aliangusha debe la mafuta. "Mama," alisema, "sema polepole, iko karibu na sikio yangu." Mukasine akalia. Miaka minne mwana amekaa mbali, na sasa yuko karibu na sikio. Ni nani asingeshukuru?

Sahani ya sola ilihitaji mlingoti, ipande juu ya kivuli cha migomba. Na hapa niseme ukweli, kwa sababu Mukasine mwenyewe huusema. Chini ya paa la kanisa kipoyi cha Kabingo kilikuwa kimekaa bure miaka, kuku wanalala juu yake. Mukasine alikwenda, akakata kamba, akachukua mwanzi mmoja. Huo wa pili jirani akafanya uzio. "Nani atabebwa tena?" alisema. Hakuna aliyempinga. Mwanzi uliokuwa umebeba nusu ya kilima ukasimama nyuma ya jiko lake ukibeba sola, na kila jioni simu ililia: Nizeyimana anauliza habari ya mvua. Mwamba nyuma ya kanisa ukaota majani. Sauti haikuita tena miaka kumi na mmoja.

Sasa twende kwenye siku yenyewe.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu bila aibu. Radi ilipiga mahali fulani, na tangu jana yake simu zote za Kabingo zilikuwa zimekuwa mawe. Rezo, mtandao wa simu, haikuwepo kabisa. Asubuhi Solange akashikwa na uchungu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza baada ya mbili kuharibika, na Mukasine alikuwa ameihesabu kwa vidole kama mtoto anayehesabu siku za Noeli. Alimwita Anne, muuguzi wa kituo cha afya kilichopo hapo kilimani. Anne alimpima Solange, akanawa mikono, na alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama, mutoto amekingama mu tumbo. Mukono njo iko mbele," alisema. "Hapa sina cha kufanya. Lazima apasuliwe, na lazima ikuwe leo. Tukingoja jioni tutawakosa bote mbili."

Haya. Nestor aliitwa kwa miguu, kwa kuwa alikaa nyumba ya tatu tu. Aliwasha Kayitesi kwa neno moja la sala na teke moja la mguu. Solange alilazwa nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe, Anne miguuni. Mukasine alilipiga jipu kofi lake la boneti kabla ya kupanda. Njiani, matope yakirukia vioo, alisikia hofu ikiondoka kidogo kidogo. Injini ilikuwa ikifanya kazi. Jambo likiwa mikononi mwa Kayitesi, aliwaza, ni la kungoja tu saa mbili.

Walifika mtoni saa nne ya asubuhi. Daraja la magari halikuwepo.

Si kwamba lilikuwa limeharibika, halikuwepo! Magogo yote yalikuwa yamekwenda, na maji yalikuwa yakipita pale na rangi ya kahawa, yakiviringisha mawe. Barabara iliishia hewani, na ng'ambo ungeiona ikiendelea zake kwa amani kuelekea hospitali. Nestor alishuka, akasimama ukingoni. Akatoa simu, akaiinua juu ya kichwa, akazunguka nayo upande huu na upande ule. Akarudi. Machozi yalikuwa yamemjaa.

"Rezo hakuna," alisema. "Mama Mukasine, miye sina la kufanya. Hii gari haiwezi kuruka."

"Mama," Solange akasema kutoka nyuma, sauti ndogo, "mutoto wangu anaenda kufa?"

Mukasine, asiyejua kudanganya, alimpangusa jasho usoni. Aliinua macho. Juu yao, upande huu wa mto, kilikuwa kilima cha Rushange. Njia ya miguu ilikipanda mpaka daraja la kamba, lile la zamani, juu ambako mto ni mwembamba na kingo zimeinuka. Maji hayajawahi kulifikia. Ng'ambo ya daraja ni Kinyana, na chini ya Kinyana, barabara. Alikuwa ametuma watu kwa njia ile mara ngapi? Lakini walikuwa watu watatu tu na mzazi mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

"Ninapanda pale," akasema, akionyesha kichuguu cha majani kando ya barabara. "Ninaenda kuita."

"Kuita nani, Mama? Na nini?" Nestor aliuliza. Maskini, aliondoka Kabingo akiwa mtoto, kipoyi alikuwa amekisahau.

Mukasine alipanda akishika nyasi. Umri wake ulikuwa sitini na sita na magoti yalimkumbusha kila mmoja wa miaka ile. Akasimama, akaweka mikono mdomoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaogopa sauti yake, kwamba labda haimo tena. Akavuta pumzi.

"Mabegaaa! Rushange, mabega!"

Sauti ilitoka. Ilikuwa na kutu, lakini ilivuka mashamba, ikagonga mteremko wa Rushange, na watu wakainua vichwa. Aliwaona vizuri: vidoa vidogo vya rangi katikati ya mihogo. Akafurahi. Akaita tena, kwa nguvu zaidi.

Na watu wa Rushange wakakimbia.

Hawakushuka, walipanda! Mwanamke alinyakua mtoto na sufuria. Milango ilifungwa. Mwanamume mmoja alitoka nyumbani mwake na godoro kichwani akielekea msituni mbio, mbuzi nyuma yake. Mukasine alisimama mdomo wazi, kisha akaelewa, na kuelewa kule kulimuuma kuliko magoti. Miaka hii yote, kwetu Masisi, mtu akipaza sauti juu ya kilima maana ni moja tu: wenye silaha wameingia, okoeni roho zenu. Vijana wale walikuwa wamekua kwenye kelele za aina hiyo. Za kuita msaada wengi hawakuzikumbuka. Wazee waliozijua wamekufa, ao wamezeeka ndani. Na simu ilipokuja kila mmoja alijua akiwa na shida atapiga namba. Kwa nini mtu afundishe watoto kuitikia mlio wa bibi?

"Nilikata kamba kwa mukono yangu," alijisemea. Alikuwa akiukumbuka mwanzi wa sola.

Chini, Solange alipiga ukelele, na Anne akapaza sauti, "Mama, fanya mbio!"

Basi Mukasine akaacha sheria. Sheria ilisema kilima na nyumba tu, lakini kilima kilikuwa kikikimbia na nyumba haikumjua mtu. Alianza kuwaita kwa majina yao. Hakuwa amesahau hata mmoja, waliobebwa wakitoka Kabingo na waliowabeba. Mtu anayeomba mabega hasahau amemwombea nani.

"Tumukundeee! Tumukunde wa Nyiransengimana! Usikimbie! Ulizaliwa mu kipoyi, pale kijitoni! Miye njo niliita batu babebe mama yako! Ni miye Mukasine wa Kabingo!"

Godoro lilisimama.

"Faustin! Ile mguu yako unakimbia nayo, mti uliivunja, na batu ba Kinyana bakakubeba ukiwa unalia! Leo ni mukamwana wangu! Anazaa! Daraja imekwenda!"

Godoro liligeuka. Kumbe chini yake alikuwa Faustin mwenyewe.

"Dusabimana! Baba yako alikuwa mbele ya kipoyi kila siku! Uko wapi, Dusabimana?"

Kila jina lilimkwangua koo. Kwenye jina la tano alisikia ladha ya damu. Jina la nane lilitoka nusu, na la tisa halikutoka. Alifungua mdomo, akavuta pumzi mpaka tumboni, na hakikutoka kitu, hewa tupu. Akakaa chini kwenye majani yenye maji. Lakini mlango mmoja wa Rushange ulikuwa umefunguka, na mzee mmoja alikuwa ametoka na fimbo, akapiga fimbo ile kwenye bati la nyumba yake kwa nguvu zote, akiwafokea vijana waliojificha migombani. Huyo alikuwa Ndayambaje, aliyekuwa mkuu wa kipoyi cha Rushange. Alimjua Mukasine kwa sauti. Hawakuwa wameonana miaka.

Wakashuka. Mungu wangu, wakashuka! Watano, halafu tisa, halafu Mukasine hakuhesabu tena kwa sababu ya machozi. Faustin alifika na godoro lake bado kichwani, amesahau kulitua, na hata katika shida ile Anne alicheka.

"Kipoyi iko wapi?" Ndayambaje aliuliza alipofika, akihema. Mukasine akatikisa kichwa, akajipiga kifua kwa aibu. Mzee akaelewa. "Usijali, dada. Ya kwetu tulifanya kuni ya kupikia Pasaka."

Nestor alikuwa amesimama kando, anamtazama Kayitesi wake. Halafu bila kuulizwa alifungua sanduku la vyombo, akatoa ufunguo wa kumi na nne wa kufungulia bolti, akaingia nyuma ya jipu. Walisikia akigonga, akitukana kutu, akigonga tena. Alitoka akiburuta kiti kirefu cha nyuma, kile ambacho mtu akikikanyaga na matope alikuwa akimshusha atembee. "Fungeni miti hapa," alisema. Vijana wakakata mikaratusi miwili, Nestor akatoa kamba yake ya kuvutia gari, Ndayambaje akafunga vifundo vya zamani, na Faustin hatimaye akatua godoro, likawekwa juu. Kiti cha Kayitesi kikawa kipoyi.

Walipanda. Vijana hawakujua kwenda kwa hatua moja. Mwanzoni kiti kiliyumba na Solange akalia. Ndayambaje alitembea mbele akihesabu kwa fimbo, "Moya, mbili, moya, mbili, muko banyama ama batu?" na polepole mabega yakapata akili. Anne alitembea pembeni, mkono tumboni mwa Solange. Mukasine alifuata nyuma, hana sauti, akisali kwa midomo tu. Tumukunde alikuwa bega la mbele kulia. Kila baada ya hatua kadhaa aligeuka kumtazama mama yule aliyemwambia kwamba alizaliwa mu kipoyi.

Walipokaribia daraja la kamba Mukasine alikuwa na wasiwasi mmoja. Rushange mpaka wao ni hapo, na vijana walikuwa wamechoka mpaka macho yamewatoka. Ng'ambo ni nani atapokea? Yeye hawezi tena kuita hata kuku. Akainua macho.

Kinyana walikuwa wamesimama. Watu kumi na watano, labda ishirini, ng'ambo ya daraja, wengine na majembe, mwanamke mmoja na mtoto mgongoni. Walikuwa wamesikia. Sauti ilikuwa imepita Rushange ikawafikia wao, na mtu fulani mzee kule alikuwa amekumbuka mlio ule unamaanisha nini na mahali gani mtu husimama akiusikia. Hakuna aliyewapigia simu. Walikuja tu na kusimama kwenye maji ya mpaka wao, kama zamani.

Walivuka wawili mbele na wawili nyuma, daraja likicheza, maji yakinguruma chini kwa mbali. Ng'ambo mabega mapya yaliingia chini ya miti. Ndayambaje aliwaambia vijana wake, "Sasa turudi, mpaka yetu ni hapa." Tumukunde alikataa kuutoa mti begani. "Miye nafika naye," alisema, na mzee hakumbishia.

Na sasa sikilizeni, kwa sababu kuna watu wakisikia habari hii husema, oneni, mambo ya kizungu ni takataka, turudi zamani. Wanakosea! Juu ya bega la Kinyana, kilele kinapoanza kutazama upande wa pili, mfuko wa Nestor ulianza kulia kama nyumba ya vifaranga. Rezo! Antena nyingine, ya upande ule. Anne alinyakua simu, akapiga hospitali kubwa, akasema maneno manne ya kidaktari. Waliposhuka barabarani gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kugeuza, mlango wazi. Kutoka pale kwa mabega wangefika jua likizama, na jua la Solange lilikuwa fupi kuliko hilo. Gari lilitumia dakika arobaini. Mukasine alipanda pamoja na Anne, lakini kabla hajapanda alilipiga boneti kofi. Dereva alishangaa, lakini Nestor, aliyebaki barabarani na kiti chake chenye matope, alijua.

Hospitalini kulikuwa na taa nyeupe, mashine inayosoma moyo, daktari mwenye mikono iliyooshwa mpaka kwenye viwiko. Mlango ulifungwa. Mukasine alikaa kwenye benchi ya nje, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, hakuwa na la kufanya. Aliwaza juu ya mwanzi wa sola. Hakuichukia sola. Aliwaza tu kwamba mwanzi mwingine ungepatikana, milima imejaa mianzi, na kwamba yeye alikata ule wa kipoyi kwa sababu ulikuwa karibu. Alijiahidi kuurudisha, na kufundisha watoto wa katekismu kuita na kuitikia, hata wakicheka. Wacheke.

Mlango ulifunguliwa. Mtoto wa kike. Kilo tatu kasoro. Solange alikuwa amelala kwa dawa lakini anapumua vizuri, daktari alisema, vizuri kabisa. Mukasine alipiga magoti pale pale sakafuni. Alitaka kumshukuru Mungu kwa sauti kubwa, akafungua mdomo, na koo likatoa upepo. Basi alishukuru kwa mikono, akimshika kila mtu aliyepita, hata mwanamke aliyekuja kusafisha.

Alikuwa amekaa kando ya kitanda, kitoto mapajani, wakati simu yake ilipolia kwenye kitenge. Alitazama jina. Nizeyimana. Siku mbili mwana alikuwa akipiga kutoka Kashebere bila kupata, akijua siku za mkewe zimetimia. Anne alikuwa ametoka kutafuta chai. Solange alikuwa usingizini. Mukasine alibonyeza kitufe, akaweka simu sikioni.

"Mama? Mama, muko wapi? Nimesikia daraja imebebwa. Solange iko namna gani?"

Akafungua mdomo. Hakuna.

"Mama, minakusikia unapumua. Sema."

Hakuna. Alijaribu tena mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

Ng'ambo kule Nizeyimana aliketi juu ya debe. Mwana aliyelelewa na sauti ile alijua kwamba mama yake hajawahi kunyamaza isipokuwa siku alipokufa baba. "Bwana Yesu," alisema. "Mama, usiniambie. Usiniambie basi." Akaanza kulia, mtu mzima, kando ya barabara ya Kashebere, katikati ya madebe yake.

Mukasine alitazama simu. Alitazama mtoto. Akaiweka simu karibu na kile kinywa kidogo, akafunua blanketi, na akatekenya nyayo ya mguu kwa ukucha.

Wee! Mtoto alikunja uso, akavuta pumzi mpaka tumboni, akaachia. Watu wa wodi nzima waligeuka. Muuguzi wa mwisho wa chumba aliangusha kijiko. Kwenye simu Nizeyimana akaanza kucheka huku bado analia, hajui aache kipi.

"Ile sauti," alisema. "Mama, ile ni yako."

Mukasine alitikisa kichwa kukubali, ingawa hakuna aliyemwona, na akaendelea kuishika simu pale pale ili mwana asikie.